Mstari Amekosekana

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mama Vipande atakabidhi funguo za chumba cha mashine na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia Idara ya Kumbukumbu za Wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na minane na binti mmoja wa kunyonya. Anaondoka na wajukuu wanne, miwani miwili, na sweta la kijivu ambalo hakuna aliyewahi kumwona hajalivaa, kwa sababu chumba cha mashine kina baridi na yeye hajawahi kuwa mbali na chumba hicho.

Kamati ya sherehe ilipouliza nani ataandika wasifu wake, niliinua mkono kabla swali halijaisha. Wenzangu walicheka wakidhani natafuta sifa. Ukweli ni kwamba kwenye jalada lake la utumishi kuna barua moja ya onyo. Wengi mmeisikia. Barua hiyo haikustahili kuwa yake, na mimi ndiye ninayejua ilistahili kuwa ya nani. Nitaifikia, lakini kwanza nimweleze mwenyewe, maana utumishi wa miaka thelathini na mmoja haufupishwi kwa karatasi moja.

Tuanze na jina, ambalo limeshawapotosha wengi. Mhasibu wetu aliyehamia mwaka juzi alilisikia likiitwa koridoni, akamfuata Mama mezani kumuuliza anauza vipande vya kitambaa gani na kama anavyo vya bluu. Mama hakumkatiza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa masikitiko kwamba bluu imekwisha. Siku tatu baadaye mhasibu akarudi kuuliza kama bluu imeingia, na hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Mhasibu mwenyewe alicheka kuliko sisi wote.

Vipande vyenyewe ni vya data. Kila kompyuta ina kumbukumbu yake, na hiyo ndiyo meza inayofanyia kazi. Vingine vyote hukaa kwenye diski, ambayo ni stoo. Ukitaka kupanga kadi za wagonjwa, sharti kadi ziwe mezani. Shida ya idara yetu, tangu siku ya kwanza hadi leo, ni kwamba stoo imejaa hadi darini na meza ni ndogo. Mtu asiyejua humwaga stoo yote juu ya meza, kompyuta ikalemewa, ikaganda, kisha ikaandika kwenye kioo: kumbukumbu imejaa. Mama hakuwahi kuona kwa nini mtu akasirike kwa hilo. Kwake ilikuwa sawa na kufua mashuka kumi ukiwa na beseni moja: unafua moja, unaanika, unachukua la pili. Aliyekuja kulalamika kwamba mashine haitoshi alijibiwa kwa maneno matatu, “Beseni ni hilohilo,” akarudishwa mezani kwake akaigawe kazi upya.

Alianza kama mwingizaji wa data, akinakili kadi za karatasi kwa vidole viwili. Kompyuta ya idara wakati ule ilikuwa na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu ya tochi aliyonayo mlinzi wetu wa getini. Kazi ya kupanga majina yote ilikuwa mikononi mwa mtaalamu mmoja wa mkataba. Aliiwasha Ijumaa, na Jumatatu ikakutwa imeganda. Ikawa hivyo majuma sita mfululizo. Juma la saba mtaalamu akaaga kwenda kumuuguza shangazi yake, na kwa jinsi tunavyojua, shangazi huyo anauguzwa hadi leo.

Mama Vipande ni binti wa karani wa posta. Tangu utotoni alikuwa akimwona baba yake kazini, na alijua kwamba hakuna karani anayeweza kushika magunia yote ya barua kwa mikono miwili. Baba alichota rundo analolimudu, akalipanga, akalifunga uzi, akaliweka kando, akachota jingine. Mwishoni alikuwa na marundo ishirini yaliyokwisha kupangwa. Hapo akawa anatazama barua ya juu tu ya kila rundo, anatoa ile inayotangulia, na kuendelea hivyo mpaka marundo yote yakawa moja. Binti yake alikuwa amejifunza lugha ya kompyuta kwenye kitabu kilichokuwa kimepoteza kurasa arobaini za mwanzo, akaiandika kazi ya baba yake kwa lugha hiyo. Mpaka leo hajui sura ya kwanza ya kitabu kile ilisema nini, na hajaona haja ya kuuliza. Jumatatu ya nane majina yote yalikutwa yamepangwa na mashine imepumzika. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na yeye alikuwa amelimaliza gogo kwa siku mbili.

Miaka kumi na miwili iliyopita mkurugenzi wa wakati ule alinunua mashine mpya yenye kumbukumbu mara nne ya ile ya zamani, akatangaza kikaoni kwamba enzi ya vipande imekwisha. Mama alipiga makofi kama wengine. Hospitali zikaanza kutuma picha za eksirei pamoja na kadi, na kabla mwaka haujaisha mashine ikaganda. Asubuhi hiyo mkurugenzi alikuta juu ya meza yake beseni jipya la plastiki, la kijani, limefungwa utepe. Hakuna aliyekiri. Beseni lile linakinga maji chini ya kiyoyozi mpaka sasa.

Ana ukaidi mmoja wa lugha. Katika mafaili yetu kila tukio la mgonjwa ni mstari mmoja, na sisi tuliokwenda shule tunasema mstari umeingia, mistari imepotea. Yeye husema mstari ameingia, mistari wamepotea. Mhariri wa jarida hili, ambaye alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuja kwetu, alimrekebisha kwa upole kwa miaka mingi, akafika hatua ya kumchorea jedwali la ngeli na kulibandika ukutani. Mama alilisoma lote, akausifu mwandiko, akaendelea kama kawaida. Siku moja alipobanwa sana alieleza kwamba mstari wa kupiga kwa rula kweli ni kitu, hilo anakubali. Lakini huyu wa kwake ana jina, ana tarehe ya kuzaliwa, na ana namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa akizidiwa. Sasa iweje awe kitu? Mhariri ameniruhusu kuacha kichwa cha habari hii kama kilivyo, ila anaomba wasomaji wajue kwamba yeye hahusiki.

Ndiyo maana kila kazi ikiisha, Mama huuliza walioingia ni wangapi na waliotoka ni wangapi. Hesabu zisipolingana, hakuna kwenda nyumbani. Aliyeteseka zaidi kwa sheria hiyo ni mumewe, dereva mstaafu wa malori, ambaye sote tunamwita Shemeji bila kujali umri. Kwa miaka mingi amekuwa akija kumchukua jioni na kumsubiri getini ndani ya pikapu yake, akijaza fumbo la maneno la gazeti. Akikwama kwenye neno humuuliza yeyote anayetoka, na wengine wetu tumeshawahi kupitia mlango wa nyuma kwa kuogopa aibu.

Sasa nifike kwenye barua.

Miaka tisa iliyopita, Jumatatu asubuhi, daktari mkuu wa moyo alikuja mwenyewe ofisini kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alizungumza akiwa amesimama. Kuna vifaa vidogo vya kurekebisha mapigo ya moyo, vile vinavyopandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na toleo moja la vifaa hivyo lilikuwa na betri inayoweza kuzima bila dalili. Waliopandikizwa walikuwa wametawanyika nchi nzima. Namba za vifaa zilikuwa zimeandikwa ndani ya maelezo ya upasuaji, kwenye kumbukumbu za miaka ishirini na miwili kutoka kila hospitali. Alitaka majina yao ifikapo Ijumaa.

Faili lilikuja kwenye diski tatu, gigabaiti mia tatu na arobaini, na mashine yetu ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti nane. Barua ya makabidhiano ilitaja idadi ya mistari: milioni mia nne na kumi na mbili na ushee, ushee wenyewe ukiwa umeandikwa hadi mmoja wa mwisho. Nilikuwa na miaka miwili kazini, cheti kizuri, na kiburi cha kunitosha mimi na jirani. Nikalifungua faili lote kwa mkupuo. Dakika kumi na moja baadaye kioo kikaandika kumbukumbu imejaa, na Mama, bila kugeuka kwenye kiti chake, akaniuliza kama nimeridhika.

Akaigawa kazi. Mimi niandike programu ya kukata, isome faili nusu gigabaiti kwa nusu gigabaiti, vipande mia sita na themanini. Yeye aandike ya kupanga na kuunganisha, ili kila upasuaji umpate mwenyewe na anwani yake ya karibuni. Taabu ya kukata ni kwamba kisu hakijali mstari unaishia wapi, na mara nyingi kipande huisha katikati ya jina la mtu. Dawa yake inajulikana: ule mkia uliokatika unaushika mkononi, unasubiri kipande kinachofuata, kisha unauunga na sehemu yake iliyobaki. Niliandika hivyohivyo. Nikaijaribu kwa faili dogo la mfano, ikapita.

Alhamisi saa nne asubuhi tulitoa orodha ya watu mia tatu themanini na sita. Daktari alimkumbatia Mama, mkurugenzi akaagiza kreti mbili za soda, na hospitali zikaanza kuwapigia watu simu. Watu walikuwa wanapigana mabega kwa furaha. Mama alikuwa ameshika chupa yake hajaifungua. Alikuwa ameweka barua ya makabidhiano kando ya karatasi ya hesabu zetu, akipitisha kidole kutoka tarakimu hadi tarakimu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mstari amekosekana.”

Mmoja tu, kati ya milioni mia nne na kumi na mbili. Mkurugenzi alicheka, wala si kwa ubaya. Alisema uwezekano wa huyo mmoja kuwa na kifaa kibovu ni mdogo kuliko uwezekano wa yeye kuwa rubani kabla ya Ijumaa, na kwa hesabu za darasani alikuwa sahihi. Mama alimjibu kwamba huko nyumbani kwake, mtu huyo si mmoja kati ya milioni mia nne. Huenda ndiye pekee anayejua chumvi inakaa wapi. Akaiweka soda chini, akaniita tukakae.

Hakuuliza nani amekosea. Alivuta kiti karibu na changu, akataka nimsomee programu yangu kwa sauti, kuanzia juu. Tulianza saa tano. Saa saba na robo nilifika kwenye ile sehemu ya mkia, nikasoma kwamba mkia ushikwe na usubiri kipande kinachofuata, nikaweka kidole hapo. Baada ya kipande cha mia sita na themanini hakuna kinachofuata. Faili langu la majaribio lilikuwa limefungwa kwa alama ya kumalizia mstari, lakini hili halikuwa nayo. Mtu wa mwisho kabisa alibaki mkononi mwa programu yangu. Programu ikamsubirisha kipande ambacho hakipo, kazi ikaisha, naye akatupwa. Na nikaona jambo la pili palepale: waliolitengeneza faili walitanguliza kadi za kliniki na kuweka upasuaji mwishoni. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mtu aliyepasuliwa.

Tukaufungua. Fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, kifaa cha moyo, namba ya toleo lilelile. Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akasoma ile namba mara ya pili. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Simu ya fundi haikupatikana. Mama hakungoja utaratibu. Aliandika anwani kwenye kiganja, akampigia Shemeji aje na pikapu, na tukaenda watatu, mimi nimebanwa katikati na gia inanigonga goti. Anwani ilikuwa ya zamani. Jirani akatuelekeza mtaa wa pili, kwenye chumba nyuma ya duka la madaftari. Tulimkuta amekaa kwenye cherehani, ana pini nne mdomoni, kwa hiyo alitujibu salamu kwa nyusi. Mama alimweleza akiwa amepiga magoti kando ya kiti chake, polepole, neno baada ya neno. Fundi alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Kisha akauliza kama anaweza kwanza kumalizia sketi ya shule iliyokuwa mezani, maana mwenye sketi anaanza darasa Jumatatu. Mama akaibeba sketi ile, na sindano na uzi, akaimalizia kupinda kwa mkono ndani ya gari, njia nzima hadi hospitali.

Kifaa kilibadilishwa kesho yake. Daktari alimnong'oneza Mama betri ile ilikuwa imebakiza nini. Mama hakutuambia kamwe, ila aliomba kiti, akakaa kwa muda. Fundi yupo mpaka leo, na mapazia ya chumba cha mashine ameshona yeye.

Juma lililofuata kikaitwa kikao. Orodha ilikuwa imekabidhiwa ikiwa na pengo, na ilibidi mtu awajibike. Mkurugenzi akauliza nani aliandika programu ya kukata. Nilifungua mdomo, na Mama akanikanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu hadi machozi yakanilenga. Akasema kazi ilikuwa ya kitengo chake, na aliyeikagua ni yeye. Barua ya onyo ikaandikwa kwa jina lake. Wakati huohuo nafasi ya mkuu wa idara ilikuwa wazi, na hata mfagizi alijua ni ya nani. Alipewa mwingine, na sababu iliyoandikwa ilikuwa barua ile.

Nilimfuata koridoni nikilia waziwazi. Akanivuta pembeni ya kabati la majalada. “Mwanangu,” akaniambia, “jalada lako lina karatasi tatu tu. Hii ikiingia humo, itakuwa ndiyo wewe. Langu ni nene, itapata pa kukaa.” Halafu akaniuliza kama nimekula. Hakuitaja tena, mwaka wa kwanza wala wa tisa. Na mimi sikuitaja pia, kwa woga ambao mwanzoni niliuita heshima. Nimepanda cheo mara mbili katika miaka hiyo, na kila mara yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mkono.

Wafanyakazi wapya husimuliwa kwamba Mama Vipande alikosa ukuu wa idara kwa sababu alipoteza mstari. Si kweli. Nilimpoteza mimi. Yeye alimtafuta, na asingemtafuta, fundi yule leo angekuwa jina kwenye orodha nyingine.

Mwezi uliopita nilimwandikia mkurugenzi wa sasa maelezo yote, nikatia saini. Niliomba mambo mawili, na la kwanza lilikuwa barua itolewe kwenye jalada la Mama kabla hajastaafu. Mama aliposikia, alininunia siku mbili nzima. Alisema nachokonoa kidonda kilichopona, na kwamba aliyekagua akakosa kuona naye amekosea. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akanishika mkono. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nampenda mama huyu, na sioni aibu kuliandika hilo kwenye jarida la ofisi.

Mama, wewe umewafundisha kazi watu kumi na mmoja katika idara hii, na hakuna hata mmoja uliyemfanya ajione mjinga. Programu yako ya kuunganisha bado inafanya kazi kila siku, na hakuna anayethubutu kuigusa. Tunakushukuru kwa kila hesabu uliyotukatalia kuikubali tukiwa tumechoka na tunataka kwenda kwetu. Mshukuru na Shemeji kwa niaba yetu, kwa jioni zake zote za getini.

Ombi langu la pili lilikuwa barua ile isichanwe. Jumatano asubuhi karani wa masjala aliitoa kwenye jalada lako, akavuka chumba, akaitia kwenye la kwangu, juu ya maelezo niliyoyasaini. Sasa jalada langu ni nene, Mama, imepata pa kukaa. Nenda nyumbani na lako likiwa safi, ukapumzike kwa raha na afya njema.